Aliyemkana Mama Mezani

“Huyu mama ni nani, Huzaifa?”

Zulfa ndiye aliyeuliza, na swali lake limening'inia juu ya meza tangu Jumamosi iliyopita. Shangazi yake, Saada, ametua kikombe. Mlangoni mwa mkahawa wa Wahabeshi, Mikocheni, amesimama mwanamke wa makamo, kanga mbili na kifurushi kwapani, anatabasamu kama aliyeuona mwezi wa Idi.

Mwanamke huyo ni Sikuzani, mkulima wa Nandagala, wilayani Ruangwa. Anayemtabasamia ni mwanawe wa pekee, Huzaifa, yule kijana wa kipindi cha Sahani za Dunia. Kila wiki Huzaifa huzunguka mikahawa ya wageni jijini Dar es Salaam, akawaonyesha watazamaji wake simuni kile wanachokula watu wa mataifa.

Ikiwa wiki iliyopita gazeti halikukufikia, jua jambo moja tu: Huzaifa aliwaambia akina Zulfa, mwanamke anayetaka kumwoa, kwamba mama yake alikwishakufa.

Alisema hivyo siku za mwanzo za kujuana kwao. Zulfa alimuuliza mama yake anafanya kazi gani, na ulimi wa Huzaifa ukaona ni rahisi kumzika kuliko kumtaja.

Sasa marehemu alikuwa mlangoni.

“Huyu...” Huzaifa alisogeza kikombe chake. “Huyu ni mama aliyekuwa akitusaidia kazi za nyumbani. Zamani, mama alipokuwa hai.”

Tabasamu la Sikuzani halikuanguka. Lilibaki palepale usoni, kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe.

Huzaifa alisubiri kelele. Alisubiri kusikia jina lake likiitwa mbele ya watu, na kila aliyekuwa anakula ageuke.

Kelele hazikuja. Sikuzani alimtazama Zulfa na hina yake mikononi. Akamtazama Shangazi Saada, mtu mzima, baibui safi, macho ya kupima. Akaelewa bila kuambiwa kwamba huyu ni mkwe, na yule amekuja kumkagua mwanawe.

“Ndiyo,” akasema. “Mimi nilimlea tu.”

* * *

“Basi huwezi kuondoka hivihivi!” Shangazi Saada alivuta kiti. “Mtu aliyemlea yatima wetu? Kaa, dada. Leo tunazunguka mikahawa mitatu, na yote tutaizunguka na wewe.”

Sikuzani alikaa ukingoni mwa kiti. Sinia likaletwa, limefunikwa kwa injera pana, ya kijivu, laini kama sifongo, na juu yake mafungu ya michuzi: kuku, dengu, mboga za majani.

“Samahani,” aliuliza kwa sauti ndogo. “Chakula ni kipi hapa, na sahani ni ipi?”

Zulfa alicheka mpaka akashika tumbo. “Vyote vinaliwa, mama! Mpaka kitambaa cha meza!”

Zulfa alimwita mama bila shida, kama anavyoitwa kila mwanamke wa umri ule. Neno lilelile lilikuwa limemkaa Huzaifa kooni kama mwiba wa samaki.

Mhudumu wa Kihabeshi akawaeleza desturi ya kwao. Mtu humega tonge, akalizungushia mchuzi, akamtia mdomoni mtu anayempenda au kumheshimu. Zulfa akamlisha shangazi yake. Shangazi akamlisha Zulfa.

“Na wewe, Huzaifa,” akasema Shangazi Saada. “Mlishe mama wa watu. Si alikulisha udogoni?”

Simu ilikuwa imesimamishwa kwenye miguu yake mitatu, inarekodi. Hakukuwa na pa kukimbilia.

Huzaifa akamega injera. Akaichovya kwenye mchuzi wa kuku. Sikuzani akafungua kinywa, akafumba macho, na tone la mchuzi likamdondokea kidevuni. Alilifuta mwenyewe kwa upindo wa kanga.

“Ahsante, baba.”

Baba! Ndivyo alivyomwita tangu akiwa mchanga. Lakini mezani pale lilisikika kama neno la mtumishi kwa bwana wake, na Zulfa na shangazi yake walilisikia hivyohivyo. Huzaifa akainamisha kichwa. Masikio yalimwaka moto.

* * *

Mkahawa wa pili ulikuwa Upanga, wa Wachina Waislamu. Hapo mpishi husimama mbele ya wateja, akavuta donge la unga kwa mikono miwili, akalikunja, akalivuta tena, hata donge likawa tambi mia.

“Kumbe anasokota kamba!” Sikuzani alishangaa. Akasogea karibu. Mchina akampa kipande cha unga ajaribu, kikamkatikia mikononi, wakacheka wote wawili.

Watu wa meza nyingine wakacheka nao. Katika siku nyingine yoyote, hicho kingekuwa kipande bora kuliko vyote katika kipindi cha Huzaifa. Leo alitamani sakafu ipasuke.

Sikuzani alikwenda kunawa. Huzaifa akamfuata. Wakasimama kwenye karo, migongo yao imeelekea mezani.

“Umekuja kufanya nini?” alinong'ona. Akajichukia alipoisikia sauti yake.

“Kukuona. Mwalimu Felomena wa kijijini alinionyesha kwenye simu. Ulisema Jumamosi mtakuwa wapi, ukasema wapenzi wote wa kipindi karibuni tusalimiane. Na mimi ni mpenzi wa kipindi.” Alifungua bomba. “Niliona unakula vizuri. Nikasema niende nikamwone mwanangu anavyokula.”

“Mama...”

“Usiniite hivyo. Wanakusikia.”

Maji yalimwagika.

“Nilikufa lini?” Sikuzani aliuliza.

“Mama, tafadhali.”

“Nakuuliza nijue. Yule shangazi ni mtu wa maswali. Akiniuliza, nisije nikakuvunja.”

“Mwaka juzi,” Huzaifa akasema.

“Na nilikufa kwa nini?”

“Sikusema.”

Sikuzani alifunga bomba. Akajifuta mikono kwa kanga, kidole kimoja kimoja.

“Basi niachie mimi,” akasema. “Nitatafuta ugonjwa.”

* * *

Subiri, msomaji. Usimpige Huzaifa bado. Mkahawa wa tatu haujafika.

Ulikuwa wa Wayemeni, Ilala. Hapo hakuna meza wala viti. Watu huvua viatu, wakakaa juu ya zulia, na katikati yao huja sinia moja la wali wa manjano na mnofu wa mbuzi uliopikwa hata ukaachana na mfupa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Sikuzani alikaa kama mtu aliye kwake.

Shangazi Saada alimsogezea mnofu mzuri. Kisha swali likaja, kama Sikuzani alivyotabiri.

“Dada, hebu nieleze. Mama yake Huzaifa alikufa na nini? Kijana huyu nikimuuliza anakwepa.”

Tonge la Huzaifa likasimama hewani.

“Homa,” akasema Sikuzani. “Ilikuwa wakati wa palizi. Alitoka shamba anatetemeka, tukadhani mvua imempiga. Nikamfunika. Akaniambia, nipe maji ya ukwaju. Nikaenda kuyatafuta kwa jirani.” Alifinya upindo wa kanga. “Niliporudi alikuwa ameshakwenda. Mpaka leo nikiyaona maji ya ukwaju, sinywi.”

Machozi yalimtoka kweli. Zulfa naye alikuwa analia. Shangazi Saada alitafuta leso.

Huzaifa ndiye pekee aliyejua. Hicho kilikuwa kifo cha bibi yake, mama yake Sikuzani. Mama yake alikuwa amechukua msiba wake mwenyewe wa kweli, akaukata kama kitambaa, akamshonea mwanawe uongo.

“Alikuwa mtu wa namna gani?” Zulfa aliuliza.

Sikuzani alifikiri. Huzaifa aliona anatafuta neno la kujisemea mwenyewe, na halioni.

“Alikuwa mtu wa kawaida,” akajibu. “Alimpenda sana huyu.”

Shangazi Saada akainuka nusu, akamshika Huzaifa bega.

“Mwanangu, mimi siwezi kupokea posa ya mtu ambaye sijamsalimia mama yake. Hata kama yupo chini ya udongo. Jumamosi ijayo tunakwenda. Amezikwa wapi?”

Uongo hufundisha mbio. “Naipingo,” Huzaifa akadakia. “Nachingwea. Kwa wazee wake.”

Hakutaja Nandagala. Nandagala ni Ruangwa, wilaya nyingine, na ndiko alikoishi marehemu aliyekuwa anakula wali mbele yao. Naipingo, kijijini kwa bibi yake, walimfahamu kidogo. Angeonyesha kaburi lolote lisilo na jina, dua ingesomwa, wangerudi.

Sikuzani hakuinua uso. Aliokota punje ya wali iliyomdondokea mapajani, akairudisha ukingoni mwa sinia.

Waliagana barabarani. Sikuzani alimkabidhi Zulfa kile kifurushi: korosho alizobangua mwenyewe. Hakumwangalia Huzaifa. Alikataa kusindikizwa. “Nimefikia kwa ndugu zangu Mbagala,” akasema. “Nitafika.”

Akaondoka. Na Huzaifa, aibu iliyoje, alishusha pumzi.

* * *

Wiki ile Huzaifa hakutoa kipindi. Watazamaji waliuliza. Mmoja aliyekuwepo mkahawani siku ile aliandika: yule mama uliyemlisha injera mnafanana pua. Huzaifa akafuta maneno yale, akazima simu, akakaa kitandani na mikono usoni.

Alimpigia mama yake. Iliita, haikupokelewa. Alipiga kwa mjomba wake, Idd, kule Nandagala.

“Mama yako hayupo,” Idd alimjibu kwa ukavu. “Alirudi Jumatatu, akachukua jembe, akaondoka. Nikamuuliza Dar kulikuwaje. Akasema alikula vizuri.”

“Amekwenda wapi?”

“Kwani wewe hujui mama yako alipo?” Idd akakata simu.

Jumamosi ikafika. Basi likawashusha Nachingwea, wakachukua bajaji hadi Naipingo. Njia nzima Shangazi Saada alikuwa anasoma nyiradi. Zulfa alikuwa anaiangalia simu yake, anaigeuza chini, anaiangalia tena.

Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua. Harufu yake ikamwingia Huzaifa puani, akajisikia kama mwizi anayeingia nyumba aliyozaliwa.

Wakafika kwenye makaburi. Huzaifa alitangulia, macho yanachagua. Lile kule? Hapana, lina jina. Hili hapa? Dogo mno, la mtoto.

Mara akasimama.

Chini ya mkorosho, mtu alikuwa ameinama, anapalilia. Majani yamekusanywa pembeni. Kaburi moja, katikati ya makaburi yote yaliyofunikwa na nyasi, lilikuwa jeupe kwa usafi, limenyunyiziwa maji, na matawi ya mvumbasi yamewekwa kichwani.

Aliyeinama akanyooka, akashika kiuno.

“Karibuni,” akasema Sikuzani. “Nimewasafishia.”

* * *

Mama yake alikuwa ameondoka Ruangwa na jembe lake, akaja Nachingwea, ili uongo wa mwanawe upate mahali pa kulala.

“Dada!” Shangazi Saada alimkumbatia pamoja na udongo wake. “Umefanya yote haya kwa mtu uliyemtumikia?”

“Alikuwa mtu wangu.” Sikuzani akaonyesha kwa kidevu. “Mama amelala hapa.”

Kwa upande wake hakudanganya. Lile lilikuwa kaburi la mama yake mzazi.

Shangazi Saada akachutama. Akasoma Fatiha. Kisha akainua mikono na kuliambia kaburi, kama wanawake wawili wanaozungumza uani.

“Dada yangu, sikuwahi kukuona. Nimekuja kuomba radhi yako kwa ajili ya binti yetu. Mwanao tumemwona. Ana adabu. Umemlea vizuri. Mwenyezi Mungu akusamehe ulipokosea, akupe makazi mema.”

“Amina,” akasema Sikuzani.

Alisema amina! Aliitikia dua ya mauti yake mwenyewe, kichwa chini, mikono wazi, udongo kwenye kucha.

Hapo kitu kikakatika ndani ya Huzaifa.

“Shangazi, acha.”

“Nini, mwanangu?”

“Acha. Usiseme nina adabu.”

“Huzaifa.” Sikuzani alimkazia macho. “Nyamaza, baba.”

“Aliyelala hapa ni bibi yangu.” Maneno yalimtoka yote kwa pamoja. “Mama yangu hajafa. Hakuwahi kufa. Mama yangu ni huyu. Ni huyu mliyekula naye sinia moja, nikamwita mtumishi, akakubali. Niliona haya, Shangazi. Niliona haya kwa sababu analima. Kwa sababu ya kanga zake. Kwa sababu angeuliza sahani ni ipi. Na aliuliza, na hakuna aliyemcheka ila kwa kumpenda.”

Akapiga magoti pale kwenye udongo uliopaliliwa. “Mama. Nisamehe, mama.”

Ungetarajia Sikuzani amwinue. Ungetarajia machozi na kukumbatiana. Hata mimi nilitarajia.

Sikuzani alilitupa jembe chini.

“Nani alikutuma useme?” Ilikuwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze kumsikia akipaza sauti. “Ulinizika bila kuniuliza, nikanyamaza. Leo unanifufua bila kuniuliza, mbele ya mama yangu! Mimi ni taa kwako, Huzaifa? Unazima, unawasha?”

“Mama...”

“Nililima kaburi hili tangu Jumanne. Mwiba umeniingia hapa, sikusema. Nilisema, kama ni aibu, aibu hii nitaibeba mimi, yeye aoe. Sasa umeibwaga chini tuione wote. Haya. Tunaiona.”

Huzaifa aliweka paji la uso ardhini. Alilia bila sauti, mabega yakimpanda na kushuka. Hakuna aliyemgusa.

Shangazi Saada alikuwa amesimama kitambo, mkono kifuani. Alipozungumza hakufoka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

“Dada, nilikulilia na wewe umekaa mbele yangu. Nilikuuliza umekufa na nini, na wewe unatafuna. Nisamehe.”

“Wewe hujakosa,” Sikuzani akajibu.

“Nimekosa. Nilikuona mtumishi, nikaamini upesi.” Akamgeukia Huzaifa. “Baba, mimi sijali mama yako analima. Hata mama yangu alilima, Rufiji. Lakini mwanamume anayemzika mama yake kwa ajili ya sahani ya wageni, mke wake atamzika kwa ajili ya nini? Posa hakuna. Zulfa, chukua mkoba wako.”

Zulfa hakusogea.

“Zulfa! Husikii?”

“Siwezi kwenda, Shangazi.”

“Kwa nini? Bado unamtaka muongo huyu?”

Zulfa alikuwa amekuwa mweupe midomo. Alimwangalia Huzaifa pale chini, akamwangalia Sikuzani, kisha akakaa juu ya rundo la majani yaliyopaliliwa.

“Siwezi kumwita muongo,” akasema. “Wiki nzima nimejaribu kusema, nimeshindwa. Ameniwahi yeye.”

“Kusema nini?”

Huzaifa akainua uso, mchanga umemganda kwenye paji. Yeye na Shangazi walijua Zulfa aliwahi kuolewa, huko Muscat, na kwamba aliachwa akarudi nyumbani. Ndivyo alivyowaeleza wazazi wake. Ndivyo alivyomweleza Huzaifa.

“Ile talaka ya Muscat,” Zulfa akasema. Sauti ilikuwa ndogo hata Sikuzani akasogea kuisikia. “Haikutoka. Hajaniacha. Nilitoroka, nikasema ameniacha, kwa sababu niliona haya kusema nilivyokuwa naishi kule.”

Shangazi Saada alishika shina la mkorosho.

“Mimi ni mke wa mtu, Huzaifa.” Akageuza simu aliyokuwa akiilaza kifudifudi tangu asubuhi. “Na amejua nilipo. Ametua Dar jana, majirani wakamwelekeza. Anasema yuko njiani anakuja huku.”